Sehemu ya Ufahamu katika MCAT: Chagua Mazoezi kwa Makini

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha vijana wanaozungumza Kiswahili wanaojiandaa kuomba nafasi katika vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada, pamoja na wazazi na walezi wanaowanunulia vitabu. Wengi wa vijana hao wako imara katika kemia na baiolojia, lakini hukwama kwenye CARS, sehemu ya ufahamu ya MCAT, mtihani wa kuomba nafasi katika vyuo hivyo. Sehemu hii haipuuzwi: Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, huangalia alama za CARS peke yake kati ya sehemu nne za MCAT.

Mtihani unapima nini?

CARS ina vifungu 9 na maswali 53, na hufanywa kwa dakika 90. Hiyo ni wastani wa dakika 10 kwa kila kifungu. Vifungu vinatoka katika falsafa, historia, sanaa, siasa, uchumi na taaluma nyingine za aina hiyo. Hakuna swali linalohitaji maarifa ya nje. Kila jibu lazima liwe na msingi katika kifungu chenyewe. Kwa hiyo zoezi linalokutaka ukumbuke ulichosoma darasani halikuandai kwa mtihani huu.

Pima kitabu kwa majibu yake yasiyo sahihi

Wingi wa maswali usikuvutie. Fungua sehemu ya maelezo ya majibu, usome. Tuseme kifungu kinadai kwamba michoro ya mitaani mara nyingi hupoteza makali yake inapohamishiwa makumbusho, kisha swali linauliza mwandishi angekubaliana na kauli ipi:

A. Makumbusho huharibu michoro ya mitaani daima.
B. Mahali mchoro unapoonyeshwa huathiri nguvu yake.
C. Michoro ya mitaani ilianza kabla ya makumbusho.

Jibu ni B. Kitabu kizuri kitakueleza kwamba A imezidisha, kwa kuwa “mara nyingi” si “daima”, na kwamba C haikuguswa kabisa na kifungu, hata kama ingekuwa kweli. Kitabu kinachoandika “B ni sahihi” na kuishia hapo hakikufundishi kitu. Utakosa swali la namna hiyo tena kesho.

Nyenzo rasmi ziwe kipimo chako

MCAT hutungwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, ambayo pia hutoa mazoezi rasmi ya CARS na mitihani kamili ya majaribio, mingine bila malipo. Hakuna kampuni inayoiga vyema zaidi fikra za watunzi. Mazoezi haya hayana wingi, basi yatumie kwa mpango:

1. Anza na vifungu vichache rasmi ili uzoee mtindo wa maswali.
2. Jenga kasi na stamina kwa mazoezi ya kampuni nyingine.
3. Hifadhi mitihani kamili rasmi kwa wiki za mwisho, uifanye kwa saa halisi, bila simu.

Alama zako zikishuka kwenye mazoezi ya kampuni huku zikibaki nzuri kwenye yale rasmi, usivunjike moyo. Amini yale rasmi.

Gharama zisikuzuie

AAMC ina mpango wa msaada wa ada kwa waombaji wa kipato kidogo wanaoishi Marekani, wakiwemo waliopewa hadhi ya ukimbizi. Anayekubaliwa hupunguziwa ada ya mtihani na kupewa nyenzo rasmi za maandalizi bure. Omba kabla ya kujiandikisha, kwa sababu punguzo halirudi nyuma kwa ada iliyokwisha kulipwa.

Kabla ya kulipa, jiulize:

- Je, vifungu vina urefu wa maneno 500 hadi 600, kama vya mtihani?
- Je, kila jibu lisilo sahihi limeelezwa?
- Je, naweza kuonyesha kwa kidole mstari unaothibitisha jibu sahihi?
- Je, nimemaliza na kusahihisha nilichonacho tayari?

Jibu likiwa “hapana” hata mara moja, weka fedha yako kwanza.