Sheki imerudi bila feza: tufuate deni namna gani?

Memba wengi wanafikiri mununuzi akitoa sheki, amekwisha kulipa. Hapana. Mpaka banki iingize feza kwenye konti ya koperative, sheki ni ahadi tu. Ndiyo maana tunaomba mutunza feza asigawie memba hata franga moja mbele banki haijahakikisha.

Tuchukue mfano. Koperative imeuzisha magunia 40 ya maharagi, kila gunia dola 60, jumla dola 2.400. Mununuzi ameacha sheki, kamyo imeondoka. Kisha siku chache, banki inarudisha ile sheki.

Kwanza muulize sababu. Pengine sinyatire haifanane na ile banki iko nayo, ao hesabu ya maneno na ya tarakimu hazipatane. Kwa hiyo mununuzi anaweza kuandika ingine siku ileile, bila maneno mengi. Lakini kama konti yake haina feza za kutosha, kazi inaanza.

Pale gishe watawaelezea kwa kinywa tu. Musitoke. Muombe karatasi ya banki yenye sababu na tarehe. Mufanye fotokopi, na sheki yenyewe ibaki ndani ya sanduku ya koperative. Mununuzi atasema: « Munirudishie sheki, kesho naleta feza. » Atairudishiwa siku feza yote iko juu ya meza.

Watu wawili wa kamati waende kumuona, si mumoja. Wasiende siku ya soko kumupigia kelele mbele ya watu. Mutu mwenye haya anakana hata deni anayoijua. Akiomba muda, tunaweza kumupa, lakini kwa maandiko: deni kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe za kulipa (tuseme dola 800 kila mwezi, miezi 3), namba ya karte yake, sinyatire yake na ya mashahidi wawili. Kila anapolipa, apewe resi.

Kuna wale wanaokimbilia kuita askari. Sisi hatukubali. Askari atadai fungu lake, na koperative inaweza kushitakiwa kwa kufungisha mutu.

Akivunja ahadi, mumuandikie barua ya kumudai, kopi mbili, atie sinyatire kwa ile yenu. Akikataa kuipokea, wisye wa tribinali ataipeleka. Kisha kuna njia ya sheria. Tangu mwaka 2012 Congo iko ndani ya OHADA, na sheria yake inaruhusu kuomba amri ya kulipa, kwa Kifaransa injonction de payer, hata kwa deni ya sheki isiyo na feza. Ombi linapelekwa kwa tribinali ya pale mudaiwa anakaa, pamoja na fakture, bo ya kupokea magunia, sheki na karatasi ya banki. Mbele ya kuanza, muulize gharama zote: kwa deni ndogo, avoka anaweza kula kupita deni.

Tena, ndani ya vitabu, zile dola 2.400 zirudishwe upande wa madeni. Zikibaki upande wa feza zilizoingia, mukutano mukubwa utapanga kununua mbegu na feza ambayo haiko.

Na yule mununuzi akirudi mavuno ijayo, alipe feza taslimu ao kwa telefone, mbele gunia la kwanza halijapanda kamyo.