Saa ya Nyumbani Iwe Sawa Ukutani



Katika nyumba kadha wa kadha za Morogoro na za milimani Uluguru iko saa ya ukutani yenye sanduku la mbao, iliyoachwa na babu au mjomba, nayo haiendi. Wenyeji husema, "Saa hii imekufa." Wameitia ufunguo, wameipeleka kwa fundi mjini, nayo ikaenda vizuri ukutani kwake, lakini iliporudi nyumbani, siku ya tatu ikasimama tena. Ndipo fundi huitwa mwongo, na saa huitwa ya bahati mbaya, na mwisho wake watoto hupewa magurudumu yake wachezee. Kumbe mara nyingi hakuna kitu kilichovunjika ndani yake. Saa haikuangikwa sawa, basi.

Jambo hili lisidharauliwe. Kwanza, fedha hutolewa mara mbili na tatu kwa kazi isiyohitajiwa. Pili, mtu apigaye kengele ya ibada au ya shule kwa kuitazama saa yake huwaita watu wote katika kosa lake. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, iko nyumba yenye mgonjwa. Dawa ya mseto ya malaria hutolewa kwa siku 3, na dozi ya pili hutakiwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Mama auguzaye mtoto usiku, simu ikiwa imekwisha moto, atazame wapi? Saa iliyosimama gizani bila mtu kujua ni mbaya kuliko kutokuwa na saa, maana asiye na saa huuliza, lakini mwenye saa huamini.

I. Saa zipi tunazozisema

Yatupasa kutofautisha. Saa nyingi zinazouzwa madukani siku hizi huendeshwa na betri. Hizo zaweza kupinda ukutani zisidhurike. Nyingine zina kijiti cha plastiki kinachobembea chini; hicho ni pambo tu, hakiongozi kitu. Somo letu lahusu saa itiwayo ufunguo, yenye ufito unaoning'inia ndani ya sanduku, na mwisho wa ufito kisahani kizito cha shaba. Ufito huo pamoja na kisahani chake huitwa pendulamu, na ndio unaoitawala saa yote.

Saa ya namna hii ni kazi ya zamani. Galileo wa Italia aliona ya kuwa kitu kinachoning'inia hubembea kwa vipindi karibu sawa. Baada yake Christiaan Huygens wa Uholanzi aliunda saa ya pendulamu mwaka 1656. Saa za kabla yake zilikuwa zikikosa kama dakika 15 kwa siku. Zake zilikosa kama sekunde 15 tu.

II. Jinsi saa inavyokwenda

Ndani ya saa kuna kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa. Utiapo ufunguo waikaza kamani, nayo hutaka kujikunjua na kuyazungusha magurudumu yote kwa mara moja. Ingeachwa hivyo, saa ingemaliza nguvu zake zote mara moja. Kwa hiyo juu ya gurudumu la mwisho limewekwa pande la chuma mfano wa nanga, lenye ncha mbili. Pendulamu ikienda kulia, ncha moja huachia jino moja la gurudumu. Ikienda kushoto, ncha ya pili huachia jingine. Kila jino likiachiwa husikika sauti, nalo huisukuma pendulamu kidogo ili isichoke. Hiyo ndiyo sauti ya saa tunayoisikia usiku.

Sasa fikiri. Pendulamu huning'inia wima daima, maana dunia yaivuta kwenda chini, kama timazi ya mwashi. Lakini nanga imefungwa pamoja na mashine, na mashine imefungwa katika sanduku. Sanduku likipinda, nanga hupinda nalo, bali pendulamu haipindi. Basi upande mmoja jino huachiwa upesi, na upande wa pili pendulamu hulazimika kwenda mbali zaidi kabla ya jino kuachiwa. Saa hiyo huchechemea. Sauti zake hazipishani sawa: mbili hufuatana karibu, kisha kimya, kisha mbili tena.

Saa ichechemeayo yaweza kwenda siku moja au mbili baada ya kutiwa ufunguo, maana nguvu ya kamani ni nyingi bado. Kamani ikilegea, pendulamu haifiki mbali kama kwanza. Upande ule mrefu jino haliachiwi, na saa husimama. Hii ndiyo sababu saa ya jirani husimama siku ya tatu, wala si uchawi wala si uvivu wa fundi. Kwa fundi ilikuwa imeangikwa sawa.

III. Kwa nini nyumba zetu huzidi kuzipindisha

Milimani kwetu, kama Mgeta, Matombo na Kinole, mtu ajengaye hukata kiwanja katika mteremko: nusu ya nyumba husimama juu ya udongo mgumu uliokatwa, na nusu juu ya udongo uliojazwa. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hulainisha ule uliojazwa, nao hushuka kidogo. Ukuta hushuka nao, na saa iliyokuwa sawa Februari hukuta imepinda Juni. Ukuta wa udongo una shida nyingine: msumari hulegea ndani yake. Tena wako mchwa, ambao hula kijiti kilichoushika msumari hali mwenye nyumba hana habari. Basi mtu asidhani ya kuwa saa ikisha kuwekwa sawa mara moja, imewekwa milele. Kila masika yakiisha na aisikilize tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

IV. Njia ya kuiweka sawa

1. Chagua ukuta wa ndani, mbali na moshi wa jikoni, na mbali na mlango unaobamizwa. Kama ukuta ni wa udongo, usitegemee msumari mtupu. Pigilia ubao mgumu, kama wa mninga, katika nguzo mbili za ukuta, kisha uangike saa katika ubao huo.

2. Kabla ya kuihamisha saa, ondoa pendulamu. Saa ibebwayo njiani na pendulamu ndani yake huharibika kweli kweli.

3. Funga jiwe dogo katika uzi, utundike uzi katika msumari, na mstari wake uuandike ukutani kwa mkaa. Hiyo ni timazi. Angika sanduku lifuate mstari huo. Tazama tena kwa ubavuni: sanduku lisiinamie mbele wala lisilale nyuma, pendulamu isije ikagusa mbao za nyuma.

4. Rudisha pendulamu, tia ufunguo, isukume polepole upande mmoja, uiache. Sasa funga macho usikilize. Kazi hii hufaa usiku, wakati nyumba imetulia.

5. Kama sauti hazilingani, shika pendulamu kwa kidole itulie katikati. Ipeleke polepole kuume hata usikie sauti, ukapime imekwenda umbali gani. Irudishe katikati, kisha ipeleke kushoto vivyo hivyo. Upande ule ambao sauti imetokea upesi, ndio upande wa kuielekeza saa: sukuma sehemu ya chini ya sanduku kidogo sana kuelekea huko. Kama saa yako husimama juu ya kabati, weka kipande cha karatasi nene chini ya mguu wa upande huo huo. Sikiliza tena. Rudia hata sauti zilingane kama nyayo za mtu mzima aendaye njia tambarare.

6. Ikilingana, piga mstari wa kalamu ukutani pande zote mbili za sanduku, chini. Afutaye vumbi akiisogeza, ataona pa kuirudishia.

Hapa wengi hukwama. Wataona ya kuwa sauti zimelingana hali sanduku limepinda machoni, nao watalinyoosha tena kwa ajili ya uzuri. Wasifanye hivyo. Pengine mkono mwembamba unaoishika pendulamu ulipindwa zamani safarini, na saa sasa ina wima wake yenyewe. Kuunyoosha mkono ule ni kazi ya fundi. Hata afike fundi, saa iliyopinda na kwenda ni bora kuliko iliyonyooka na kusimama. Timazi hutuonyesha pa kuanzia, lakini mwamuzi wa mwisho ni sikio.

Tena mtu asitie mafuta ya kula wala mafuta ya taa ndani ya mashine. Hushika vumbi na kuziba. Na kama saa yako hupiga kengele, usizungushe akrabu kwa kuzirudisha nyuma. Ikiwa imetangulia, isimamishe, ungoje wakati uifikie.

V. Kusimama ni neno moja, kuchelewa ni neno jingine

Watu huchanganya mambo mawili. Saa isimamayo hutakiwa kuwekwa sawa. Saa iendayo siku zote, lakini hutangulia au huchelewa, hutakiwa kurekebishwa urefu wa pendulamu. Chini ya kisahani iko nati ndogo. Ukikipandisha kisahani, pendulamu huwa fupi, na saa huenda mbio. Ukikishusha, huwa ndefu, na saa huenda pole. Zungusha kidogo mno. Katika pendulamu ya sentimita 25, tofauti ya milimita 1 yaleta karibu dakika 3 kwa siku.

Mahali pia pana nguvu yake. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alichukua saa ya pendulamu mpaka Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Aliona ya kuwa saa iliyokwenda vizuri Paris ilichelewa huko kama dakika 2 na nusu kila siku, ikambidi kuifupisha pendulamu. Sababu yake ni kwamba karibu na ikweta uzito wa vitu hupungua kidogo. Morogoro nasi tu karibu na ikweta; kwa hiyo saa iliyorekebishwa Ujerumani na kuletwa kwetu yaweza kuchelewa kama dakika 2 kwa siku, mpaka nati yake izungushwe.

Je, kupanda mlima? Nako kwapunguza mwendo, lakini kidogo. Atokaye Morogoro mjini akapanda mita 1,000 na saa yake, atapoteza kama sekunde 10 kwa siku, wala si zaidi ya 15. Na baridi ya mlimani hufupisha ufito wa chuma, hata sekunde kadha wa kadha zikarudi. Basi mtu wa Mgeta ambaye saa yake huchelewa nusu saa kwa siku asiulaumu mlima. Aitazame nati.

VI. Tuilinganishe na nini?

Wazee walitazama jua, nao walikuwa na akili. Lakini jua la Morogoro halikubaliani na saa ya serikali. Saa ya Afrika Mashariki imehesabiwa kwa mstari wa nyuzi 45 za mashariki, na Morogoro iko karibu na nyuzi 37 na theluthi mbili. Kila digrii moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua hufika juu kabisa kama nusu saa baada ya saa sita kamili. Wala halishiki nusu saa hiyo mwaka mzima: mwanzo wa Novemba hufika karibu saa 6 na dakika 13, na katikati ya Februari karibu saa 6 na dakika 43. Mwalimu akiirekebisha saa yake kwa kivuli cha mti wa bendera, atawachelewesha watu wake.

Zamani wakaao karibu na stesheni walisikiliza gari moshi, tangu reli ilipofika Morogoro mwaka 1907. Na treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwezi wa Juni 2024. Lakini hata treni huchelewa. Iliyo bora ni redio itangazapo saa, au simu yenye mtandao. Chagua siku moja ya juma, kwa mfano Jumamosi jioni: siku hiyo tia ufunguo, linganisha na redio, andika tofauti katika karatasi ndani ya mlango wa sanduku. Baada ya majuma manne utajua tabia ya saa yako kuliko fundi yeyote.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini saa iliyopinda huenda siku mbili, kisha husimama?
2. Sauti ikitokea upesi upande wa kuume, sehemu ya chini ya sanduku isukumwe upande gani?
3. Saa yaenda bila kusimama, lakini hutangulia dakika 6 kwa siku. Je, utasogeza sanduku au utazungusha nati? Kisahani kipande au kishuke?
4. Kwa nini kivuli cha adhuhuri hakifai kurekebishia saa katika Morogoro?
5. Baada ya majira gani ya mvua yakupasa kuisikiliza saa yako upya, na kwa nini?

Wasomaji walio na saa iliyonyamaza ukutani, usiku wa leo waisikilize kabla ya kufunga safari ya kwenda kwa fundi. Uzi, jiwe na sikio havigharimu kitu. Na kama pana mgonjwa nyumbani, wasingoje hata kesho.