SOMO LA VIKUNDI: Bima ya Pikipiki Iliyochomelewa, Dereva Akiwa Kijana



Ukisimama steji ya Matsangoni asubuhi, pale kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, si rahisi kuona pikipiki iliyobaki vile ilivyotoka kiwandani. Hii imechomelewa keria ya chuma ya kubebea mitungi ya maji na magunia ya makaa. Ile kiti chake kimerefushwa. Nyingine mikono imeinuliwa, ekzosti imekatwa ili ingurume, na taa za rangi zimezungushwa mpaka kwenye spoki. Wanaoziendesha wengi ni vijana wetu wa miaka ishirini na kitu, leseni bado changa. Na nyingi si zao. Ni za baba, za mwalimu fulani, au za kikundi cha akina mama waliochanga pole pole mpaka bei ikatimia.

Hizo za vikundi ndizo zilizotufanya tuandike somo hili. Tukikaa na vikundi kukagua madaftari, ukurasa wa matumizi huwa umejaa: petroli, oili, tairi, tyubu. Halafu bima, mstari mmoja tu. Tukiuliza ni bima ya aina gani, tunajibiwa, "Ile rahisi." Rahisi kwa sababu gani? Hapo kila mtu humtazama mwenzake.

Sisi hatupingi urahisi. Shilingi ya kikundi ina jasho. Lakini bima inaweza kuwa rahisi kwa njia mbili. Moja, mmetafuta vizuri mkapata bei nzuri. Pili, mtu ameandika uongo kwenye fomu. Hiyo ya pili ndiyo ghali kuliko zote, ila bili yake huja siku ya ajali.

Igizo fupi

Watu wawili wa kikundi wasimame mbele waigize. Mmoja ni mweka hazina, mwingine ni kijana anayeendesha pikipiki ya kikundi. Wengine wasikilize.

MWEKA HAZINA: Mwanangu, ajenti amesema bei gani?
KIJANA: Mama, kuna mbili. Ya kubeba abiria na ya matumizi binafsi. Hii ya binafsi iko chini sana.
MWEKA HAZINA: Na wewe wabeba nani kila siku?
KIJANA: Abiria, mama. Lakini polisi akiuliza bima, si anaona ipo?
MWEKA HAZINA: Na hiyo keria, na hicho kiti kirefu, umemwambia?
KIJANA: Hakuuliza. Tena ameniambia tuandike jina lako kuwa ndiye dereva, ati wewe ni mtu mzima.
MWEKA HAZINA: Mimi? Mimi hata baiskeli sijui!

Watu watacheka, na wacheke. Kisha waulizwe: ni uongo mangapi ulioingia kwenye fomu hiyo moja? Sisi tumehesabu matatu: kazi ya pikipiki, umbo lake, na mwendeshaji.

Sheria yasema nini

Katika Kenya, chombo chochote cha moto kinachotumia barabara ni lazima kiwe na bima ya mtu wa tatu, ile ajenti huita "thadi pati". Sheria yenyewe iko katika Sura ya 405. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye chombo, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yule uliyemgonga au kumwumiza. Basi sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapokosea: bima hii haimtibu kijana wenu anayeendesha, wala hainunui pikipiki nyingine. Inamlipa mtu wa tatu. Na hata huyo, kwa mtu mmoja kiwango hakizidi shilingi milioni 3. Mahakama ikiamua zaidi, yaliyozidi yatatafutwa kwa mwenye chombo.

Mwenye chombo ni nani? Ni yule aliye kwenye logibuku. Ikiwa pikipiki ni ya kikundi na kijana aliiendesha kwa kazi ya kikundi, aliyeumia anaweza kumshtaki kijana na kikundi pamoja. Kuku, mbuzi, akiba ya benki, vyote viko mezani.

Sasa yule abiria. Sheria hailazimishi bima ya binafsi imlipie abiria, kwa sababu abiria wa kulipa anahesabiwa tu pale chombo kinapotumika kubeba watu kwa nauli. Kwa hiyo mama mjamzito anayetolewa Uyombo kupelekwa kliniki juu ya pikipiki yenye cheti cha binafsi, akianguka akavunjika, kampuni ina haki ya kusema: huyu hatukumkatia bima. Na itakuwa imesema kweli.

Na umbo la pikipiki je? Hapa sheria imewahurumia walioumia. Kampuni haiwezi kumkatalia mtu wa tatu ati kwa sababu dereva alikuwa mdogo wa umri, au chombo kilikuwa kibovu, au kilibeba watu au mzigo kupita kiasi. Italipa. Lakini ikishalipa, sheria hiyo hiyo inairuhusu igeuke na kukudai wewe uliyevunja masharti. Tena ikithibitisha mahakamani kwamba ulipata bima kwa kuficha jambo kubwa ambalo lingeifanya ikatae au iongeze bei, mahakama yaweza kuiondolea mzigo kabisa. Ndiyo maana tunasema: yale matatu ya kwenye igizo si uongo mdogo.

Jambo hili si la Matsangoni peke yake. Kule Uingereza vijana wa chini ya miaka 25 hutozwa ada kubwa sana, na aliyebadilisha gari lake huongezewa. Wengine huandika jina la mama kuwa dereva mkuu, kumbe mwenye kuendesha kila siku ni mtoto. Huko huhesabiwa kuwa ulaghai na bima yaweza kufutwa. Wapo vijana wanaokubali kufungiwa kifaa garini kinachopeleka habari za mwendo wao kwa kampuni, ili wakionekana waangalifu wapunguziwe. Sisi huku hatujafika huko kwa pikipiki, lakini mnaona mawazo ni yale yale: kampuni inataka kujua nani anaendesha na anaendesha nini.

Unafuu uko wapi basi?

Anzeni na chuma chenyewe. Kabla ya kwenda kwa ajenti, pikipiki isimamishwe katikati ya mkutano na kila kilichoongezwa kiulizwe swali moja: wewe unatuletea shilingi ngapi? Keria ya mitungi itajibu. Taa za kwenye spoki zitanyamaza. Ekzosti iliyokatwa itajibu kwa kelele tu. Kiti kirefu kitasema kinaleta abiria wa pili, na hapo mkijibu: kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zinaruhusu abiria mmoja tu, na zinataka kofia mbili na jaketi mbili za kung'aa, moja ya dereva na moja ya abiria. Kisicho na faida kitolewe. Tunajua vijana watanuna. Wanunuaji wa urembo ni wao na wana haki ya kupenda chombo kipendeze, hilo hatubishi. Lakini urembo ulipiwe na mwenye kuupenda, si na akiba ya akina mama.

Keria ibaki, ila itajwe. Ipigwe picha mbele na nyuma, ajenti apewe, na kampuni ikubali kwa maandishi. Neno la mdomo la "hiyo haina shida, kaka" halisomwi mahakamani. Kama mlibadilisha rangi au injini, nendeni NTSA kwa njia ya eCitizen mkarekebishe logibuku kwanza. Namba ya injini ikiwa haifanani na ya kwenye karatasi, mnampa mtu sababu ya kukataa kabla hamjafungua mdomo.

Leseni ya kijana iwe ya kazi anayoifanya. Kwa bodaboda na tuktuk daraja ni A3. A2 ni ya kuendesha pikipiki yako mwenyewe.

Halafu bei. Ulizeni makampuni yasiyopungua matatu, swali lile lile kwa maneno yale yale: pikipiki ya abiria, yenye keria, dereva wa umri huu, leseni ya miaka hii. Ukibadilisha swali, majibu hayalinganishiki. Mkipewa bei, mwulizeni ajenti aigawanye. Juu ya ada ya msingi kuna ushuru wa mafunzo asilimia 0.2, mchango wa mfuko wa kuwafidia wenye bima asilimia 0.25, na stempu shilingi 40. Tuseme ada ya msingi ni 4,000 (ni mfano tu, bei yenu itakuwa yake). Asilimia 0.2 ni shilingi 8. Asilimia 0.25 ni shilingi 10. Ongeza stempu 40. Jumla ni 4,058. Ajenti akisema 4,800, ile 742 ina jina gani? Yawezekana ina jina halali. Alitaje.

Wengi hulipa mwezi mwezi kwa sababu pesa ya mwaka haipatikani kwa mpigo. Tunaelewa. Lakini tufanye hesabu. Tuseme ya mwezi ni 500: kwa miezi 12 ni 6,000, dhidi ya 4,058 ya mwaka. Hiyo karibu 2,000 ni tairi. Gawanya 4,058 kwa wiki 52, unapata shilingi 78. Basi kijana akiweka shilingi 80 kila Jumamosi kwenye kisanduku cha bima, mwaka ukiisha ada imejaa, na imebaki shilingi 102. Kisanduku kiwe mbali na cha mikopo, la sivyo kitakopwa. Tumeyaona hayo.

Njia nyingine ni kwenda wengi. Pikipiki moja haina sauti, lakini steji nzima, au vikundi vya Matsangoni, Roka na Chumani vikiungana, vinaweza kuomba bei moja kwa kampuni. Peleka orodha safi: namba za usajili, majina ya madereva, leseni zao. Orodha yenye ajali chache ina nguvu kuliko maneno matamu ya mwenyekiti.

Wenye pickup au gari dogo huuliza juu ya bima kubwa, ile inayolipia hata chombo chako mwenyewe. Fahamuni kwamba humo kuna "eksesi", yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake, na kwa dereva mdogo au mwenye leseni changa makampuni mengi huiongeza. Iulizeni kabla ya kutia sahihi. Faida yake ni kwamba mkimaliza mwaka bila kudai, mengi hupunguza ada inayofuata. Kikundi chenye dereva wa pili aliye mzoefu kiseme hivyo, lakini awe kweli anaendesha.

Na yule kijana mwenyewe tusimsahau. Tumesema thadi pati haimtibu. Ulizeni bima ya ajali ya mwendeshaji, hata iwe ndogo. Inatushangaza kikundi kinavyokumbuka kubadilisha oili kila mwezi na kumsahau anayekaa juu ya injini.

Kampuni yenyewe nayo ichunguzwe. Mwaka 2005 kampuni ya United Insurance iliyokuwa imebima matatu nyingi iliwekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2011 ikafuata Blue Shield. Waliokuwa na kesi walihangaika. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hutoa kila mwaka orodha ya makampuni yenye leseni, na malalamiko juu ya kampuni au ajenti hupelekwa huko. Lipeni kwa namba ya malipo ya kampuni, si kwa simu ya ajenti, kwa sababu kisheria bima haianzi mpaka ada imelipwa. Siku hizi cheti hutolewa kwa mtambo na kufika kwenye simu. Kifungueni hapo hapo, msome majina, namba, tarehe, na hasa matumizi: abiria, mizigo au binafsi. Mmoja wenu alinakili daftarini.

Ya kujadili

1. Logibuku ya chombo chetu iko kwa jina la nani, na huyo anajua kwamba anaweza kushtakiwa?
2. Tangu tuinunue, pikipiki imeongezwa nini? Nani aliamua, na nani alilipa?
3. Cheti chetu kinasema matumizi gani? Jana kijana alibeba nini?
4. Kijana wetu akianguka leo pale Mida, matibabu yatatoka mfuko gani?

Mkutano ujao mweka hazina alete logibuku, leseni ya dereva na cheti cha bima, vitatu kwa pamoja, na kijana aje na pikipiki yenyewe ikiwa kama inavyotembea kila siku. Asiifungue taa njiani.