Vita vya Mahandaki na Matokeo ya Kukwama

Huenda mtu akadhani kwamba majeshi mawili yanapolingana nguvu, hata hakuna awezaye kumsukuma mwenziwe, basi vita hupoa. Vita Kuu ya Kwanza inathibitisha kinyume chake.

Mwishoni mwa mwaka 1914 Wajerumani kwa upande mmoja, na Wafaransa, Waingereza na Wabelgiji kwa upande wa pili, walikuwa wamejichimbia mahandaki toka pwani ya Ubelgiji hata mpaka wa Uswisi, mwendo wa kilometa 700 hivi. Bunduki za rashasha na seng'enge zilimpa nguvu mwenye kujilinda, na mwenye kushambulia aliangushwa kabla ya kufika. Kwa zaidi ya miaka mitatu mstari huo haukusogea ila kidogo.

Je, hali hiyo ilizaa nini?

Kwanza, iliharibu miili na akili. Askari walisimama katika matope na maji hata miguu ikaoza. Wengine, kwa ngurumo za mizinga, walitetemeka bila kukoma ingawa hawakuwa na jeraha.

Pili, ilishusha thamani ya uhai. Tarehe 1 Julai 1916, karibu na mto Somme, waliuawa askari 19,240 wa jeshi la Uingereza kwa siku moja. Mapigano hayo yalipokoma mwezi Novemba, washambuliaji walikuwa wamesonga mbele kilometa 10 hivi tu.

Tatu, ilifungua mlango wa silaha mbaya zaidi. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya klorini karibu na Ypres. Mwaka haukuisha ila Waingereza nao wakatumia gesi.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, iliifunga njia ya sulhu. Desemba 1916 Ujerumani ilipendekeza mazungumzo, wapinzani wake wakakataa. Agosti 1917 Papa Benedict XV aliwasihi wapatane, hakusikilizwa. Kwa nini? Kwa sababu kupatana bila ushindi kulionekana kuwa ni kuwasaliti waliokwisha kufa. Hivyo wafu wakafanywa hoja ya kuongeza wafu, mpaka tarehe 11 Novemba 1918.

Basi, ndugu msomaji, ugomvi uliokwama haujatulia. Kila siku ipitayo huongeza gharama, na gharama hiyo huwa kisingizio cha kuuendeleza. Wahenga walinena kweli: Heri nusu shari kuliko shari kamili.