Bolti au Koki: Ipi Ifungwe Chini ya Injini?

Mkulima, ukienda Rhonda katika mji wa Nakuru ili ubadilishiwe oili ya trekta au pikapu yako, huenda fundi akakuuliza: "Mzee, nikurudishie bolti yako, au nikufungie koki?" Swali hili ni dogo, lakini jibu lake laweza kuponya injini au kuiua. Basi katika somo hili tutatazama vitu hivi viwili, ili upate kujibu kwa kujua, wala si kwa kubahatisha.

BOLTI

Chini ya injini kuna sampu, yaani chombo cha chuma kinachokusanya oili. Chini ya sampu kuna tundu lenye nyuzi, nalo huzibwa na bolti. Bolti ni kipande kimoja tu cha chuma. Hakuna kitu ndani yake kinachoweza kulegea. Kichwa chake ni kifupi, kwa hiyo mawe na mabua hayakigongi kwa urahisi. Ukiiondoa, tundu lote hubaki wazi, na oili hutoka kwa nguvu pamoja na uchafu wake. Tena bolti nyingine zina sumaku ya kushika unga wa chuma. Ukiona vipande vya chuma juu ya sumaku hiyo, mwonyeshe fundi kabla ya kutia oili mpya.

Ubaya wa bolti ni kwamba hufunguliwa na kufungwa kwa spana kila mara. Mtu akiianza kombo, au akiikaza kupita kiasi, nyuzi za sampu huharibika, hasa ikiwa sampu ni ya aluminiamu. Na bolti isiyokazwa vizuri huweza kuanguka njiani.

KOKI

Koki hufungwa mahali pa bolti, nayo hukaa hapo siku zote. Ndani yake kuna gololi yenye tundu. Ukigeuza mkono wake robo ya mzunguko, oili hutoka. Ukiurudisha, oili husimama. Koki nzuri, kama zile zinazotengenezwa na kampuni ya Fumoto ya Japani, zina springi: ni lazima kwanza uutoe mkono kwenye kijipengo chake, ndipo ugeuke.

Faida yake ni kubwa. Hutumii spana, wala nyuzi za sampu hazichakai. Koki nyingine zina mdomo wa kuvikwa mpira, na oili huingia moja kwa moja katika mtungi bila kuchafua mikono wala ardhi.

Lakini koki ina hasara zake. Hushuka chini kuliko bolti, na kwa hiyo huweza kugongwa. Tundu lake ni jembamba, na oili hutoka polepole, hasa asubuhi za baridi kama zile za Molo na Mau Narok. Oili kidogo nayo huweza kubaki katika sampu.

UCHAGUE IPI?

Usitazame urahisi peke yake. Tazama mahali chombo chako kinapopita. Oili ikimwagika yote, vyuma vya injini husuguana vikiwa vikavu, hupata moto, na baada ya dakika chache beringi na kranki huharibika. Hapo msimu wa kulima utapita trekta ikiwa imesimama, na deni lake halitangoja.

1. Trekta inayolima penye visiki, mawe au mabua marefu, ibaki na bolti.

2. Pikapu au lori linalopita njia zenye makorongo, libaki na bolti, isipokuwa sampu iko juu sana au ina bamba la kuikinga.

3. Injini isiyotembea, kama ya pampu ya maji au ya kinu cha posho, yafaa kufungiwa koki. Hakuna jiwe la kuigonga. Lakini iwe mahali ambapo watoto hawawezi kuufikia mkono wake.

4. Gari la barabara nzuri, linalobadilishwa oili mara kwa mara, laweza kufungiwa koki, ikiwa haishuki chini kuliko vyuma vingine vya gari.

Ukinunua koki, chukua bolti yako ya zamani uilinganishe. Motokaa nyingi za Toyota hutumia bolti ya milimita 12, yenye nyuzi zilizoachana milimita 1.25. Motokaa nyingine nyingi hutumia ya milimita 14, zilizoachana milimita 1.5. Nyuzi zisizolingana zisilazimishwe.

NAMNA YA KUFUNGA

Simamisha gari mahali tambarare, na uizime injini ikiwa na joto kiasi, si moto wa kukuunguza. Oili yenye joto hutoka upesi na kubeba uchafu. Ukitumia bolti, futa nyuzi, weka washa mpya, yaani kile kipete cha shaba au aluminiamu, kisha zungusha kwa vidole mpaka bolti ikae. Ndipo utumie spana. Usiongeze bomba juu ya spana ili kupata nguvu zaidi. Tia oili mpya, washa injini kidogo, uzime, kisha chungulia chini kama kuna tone. Ukiwa njiani na taa ya oili ikawaka, simama hapo hapo, uzime injini.

OILI CHAFU

Usiimwage chini. Maji ya mvua huibeba, na Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka. Kinachoingia humo hubaki humo. Vilevile usiwapake ng'ombe oili hiyo kwa ajili ya kupe, maana ina sumu. Iweke katika mtungi wenye kifuniko, umpe mwenye kibali cha kuikusanya.

JIULIZE

Je, chini ya trekta yangu kuna nafasi kiasi gani? Nyuzi za sampu yangu ni nzima? Mara ya mwisho, fundi aliweka washa mpya? Ukiisha kujua majibu haya, fundi akikuuliza "Bolti au koki?" utakuwa na la kumwambia.