Sindano ya Kurefusha: Mafuta Yanapungua, Sukari Je?

Vijana wanaonyanyua vyuma hupenda kuulizana: eti kuna sindano inayoyeyusha kitambi na kujaza misuli? Ipo. Ni ya homoni ya ukuaji. Lakini ngoja kwanza, rafiki, maana ina upande wa pili ambao muuzaji hausemi.

Homoni hii unayo tayari mwilini. Inatengenezwa na tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama punje ya njegere na imening'inia chini ya ubongo. Hutolewa zaidi usiku, ukiwa umelala fofofo. Mtoto ambaye tezi yake haitoi ya kutosha hubaki mfupi, na mara nyingi hunenepa tumboni. Huyo ndiye sindano ilitengenezwa kwa ajili yake. Zamani homoni ilikamuliwa kwenye tezi za maiti! Mwaka 1985 Marekani na Uingereza zilisimamisha mtindo huo, baada ya baadhi ya waliochomwa kupata ugonjwa unaoharibu ubongo na kuua. Inayotumika leo hutengenezwa maabara.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Homoni ikifika kwenye mafuta yaliyohifadhiwa mwilini, huyaamuru yavunjike. Yanatoka asidi za mafuta, zinaingia kwenye damu, na misuli inazichoma kama kuni. Tumbo la mtoto linapungua. Hapo kila mtu anafurahi.

Kumbe misuli ikishapata kuni nyingi za mafuta, haina tena haraka ya kupokea sukari. Insulini inabisha hodi, "Fungueni, nimeleta sukari!" na mlango unafunguliwa nusu tu. Wakati huohuo ini nalo linazidi kumwaga sukari kwenye damu. Basi kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Watoto wengi wanaotibiwa kwa dozi sahihi, kongosho lao linamudu na sukari inabaki ya kawaida, ila daktari huendelea kuwapima damu. Mwenye kisukari kwenye ukoo anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Utasema: lakini si tumefundishwa kuwa unene ndio unaoleta kisukari? Ni kweli, kwa watu wengi. Ila twende Ecuador, Amerika ya Kusini. Huko, hasa katika jimbo la Loja, kuna watu waliozaliwa na vipokezi vya homoni ya ukuaji visivyofanya kazi. Homoni wanayo, lakini mwili hauisikii. Ni wafupi sana, na wana mafuta mengi mwilini. Daktari Jaime Guevara-Aguirre aliwafuatilia watu wapatao 100 kwa miaka 22. Yeye na wenzake walipotoa taarifa mwaka 2011, hakukuwa na hata mmoja mwenye kisukari, wakati kwa ndugu zao warefu walikuwa karibu asilimia 5. Wanene, lakini insulini yao inafanya kazi vizuri kabisa! Mimi niliposoma habari hii mara ya kwanza, nilirudia mara mbili.

Turudi kwa yule wa vyuma. Anachoma bila kupimwa, tena huenda dozi ni kubwa kuliko ya hospitali. Kitambi kinapungua kweli, anajiona kwenye kioo, anasema niko fiti. Kioo hakionyeshi sukari. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, uchovu: hizo ni dalili za kukimbilia kituo cha afya, na ukifika useme ukweli kuhusu sindano. Michezoni nako Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliipiga marufuku mwaka 1989.

Jambo moja linawahusu hata wasiowahi kuona sindano hiyo. Wakati wa kubalehe, tezi yako yenyewe huongeza homoni ya ukuaji, na insulini hupungukiwa nguvu kwa muda. Asiye na kisukari hata hajui. Lakini mwanafunzi anayejichoma insulini anaweza kushangaa: dozi ya mwaka jana haitoshi, sukari inapanda, na nyumbani anashutumiwa kuwa anakula pipi kwa siri. Kama ni wewe, usijiongezee dozi kwa kubahatisha, wala usiache kula. Nenda kliniki na daftari lako la vipimo, uwaambie umeanza kurefuka, ili dozi ipangwe upya.