Dondoo muhimu: Ruhusa za mtandao kwenye kompyuta za ofisi

Mfanyakazi anayesafiri na laptopu iliyounganishwa na kikoa cha ofisi huenda akahitaji kubadili anwani ya IP. Mpe ruhusa hiyo tu, si mamlaka yote ya kompyuta.

1. Usimwingize kwenye kundi la Administrators. Windows ina kundi la Network Configuration Operators kwa kazi hiyo.
2. Tumia kundi lililo ndani ya laptopu yake, si lile la jina hilohilo kwenye seva ya kikoa.
3. Kompyuta zikiwa nyingi, gawa ruhusa kwa Group Policy badala ya kuzipitia mojamoja.
4. Mwambie atoke kwenye akaunti na kuingia upya. Kabla ya hapo ruhusa haifanyi kazi.
5. Hakiki kwa amri ya whoami /groups.
6. Mwonye asiweke 8.8.8.8 kwenye DNS akiwa ofisini: kompyuta itashindwa kuipata seva ya kikoa.
7. Sakinisha masasisho: Januari 2025 Microsoft iliziba mwanya uliowawezesha wanakundi wa Network Configuration Operators kujipandisha mamlaka.
8. Akihama idara, mwondoe kwenye kundi siku hiyohiyo.